Barafu ya Kilimanjaro "haikuisha kama walivyosema": nifundisheje mabadiliko ya tabianchi bila kuwafunga wanafunzi mawazo?

Mwl_KidatoCha3

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za jioni.

Nafundisha Fizikia na Jiografia katika shule iliyo upande wa kusini wa mlima, darasa la wanafunzi 64. Tukifika mada ya mabadiliko ya tabianchi, mfano unaotumika kila mahali ni uleule: barafu ya Kilimanjaro inayeyuka kwa sababu dunia inapata joto. Wanafunzi hawaupokei, na hoja zao si za kipuuzi. Ziko tatu:

1. Walisikia barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Wakitoka bwenini asubuhi wanaiona. Basi wanasayansi walidanganya, na habari yote ya tabianchi ni uongo.
2. Wazee nyumbani wanasema mlima unakauka kwa sababu misitu imekatwa na kuchomwa. Moshi wa viwanda vya Ulaya unahusikaje hapo?
3. Kule juu ni baridi chini ya sifuri mwaka mzima. Barafu itayeyuka vipi?

Nikisema "jibu la kitabu ni hili, andikeni", wanaandika na kunyamaza. Nikiwaacha wabishane, wenye sauti kubwa wanashinda na kengele inalia. Nataka watoke wakijua lipi limethibitika, lipi wataalamu wenyewe bado wanalibishania, na lipi ni uamuzi wa jamii wala si la maabara.

Nina vipindi viwili vya dakika 80. Maabara ina vipimajoto, silinda za kupimia na mizani moja. Friji hatuna. Naomba hatua za kufuata, nadharia za ualimu ninazo za kutosha.

---

MamaTakwimu

Marahaba mwalimu. Anza na hoja ya kwanza, na uianze kwa grafu kabla hujatamka neno tabianchi. Utabiri uliokosea ni somo zuri kuliko uliotimia, kwa sababu unamlazimisha mwanafunzi kuuliza ulitengenezwaje.

Utabiri huo ulikuwapo, usiwafiche. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson, mtaalamu wa barafu wa Marekani, ilichapisha katika jarida la Science kwamba hali ikiendelea kama ilivyokuwa tangu 1912, huenda barafu ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Waandikie ubaoni eneo la barafu kwa kilomita za mraba:

1912: 12.1
1953: 6.7
1976: 4.2
1989: 3.3
2003: 2.5
2011: 1.8

Wagawe makundi ya watu sita sita, kila kundi karatasi moja ya grafu ya A4. Mhimili wa mlalo uanze 1900 uishie 2060, sentimita 1 kwa miaka 10. Wa wima uanze 0 uishie 13, sentimita 1 kwa kilomita 1 ya mraba. Toa vipimo hivyo wewe mwenyewe. Usipovitoa, nusu ya makundi wataiandika miaka kwa nafasi sawa, 1912 halafu 1953 halafu 1976, kana kwamba imepishana sawasawa, na grafu itadanganya. Pita kuangalia mhimili wa mlalo kabla hawajaweka alama hata moja.

Sasa rula. Mstari wa kwanza: waunganishe alama ya 1912 na ya 1989, kisha wauteremshe mpaka uguse mhimili wa miaka. Utagusa 2018. Waache wautazame kwanza. Watajionea wenyewe 2015–2020 inakotoka. Mstari wa pili: 1989 na 2003. Unagusa karibu 2047. Wa tatu: 1912 na 2011. Unagusa 2028. Takwimu ni zilezile na rula ni ileile, lakini majibu matatu yamepishana kwa karibu miaka 30, kwa sababu kila mstari unadhani jambo tofauti kuhusu kasi.

Baada ya hapo wapige hesabu ya kasi kwa kila kipindi. Kutoka 1912 hadi 1953 ilipotea takriban 0.13 kwa mwaka. Kutoka 1989 hadi 2003 ilipotea 0.06 tu. Kasi ilipungua, na mstari ulionyooka haukuijua habari hiyo. Waulize kwa nini. Wengi watasema "joto limepungua". Kabla ya kuwakatalia wape kidokezo: barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inaliwa pembeni, kwenye kuta zake zilizosimama wima. Pande la barafu likiwa dogo, mzingo wake pia ni mfupi, kwa hiyo kilomita zinazopotea kwa mwaka hupungua hata kama ukuta wenyewe unarudi nyuma kwa mwendo uleule.

Mwishoni kila kundi liandike sentensi mbili. Ya kwanza: utabiri wa 2002 ulidhani nini? Ya pili: ni kitu gani kilichokosea, tarehe au upotevu wenyewe? Hapa usikubali majibu ya jumla. Kutoka 12.1 hadi 1.8 ni upungufu wa asilimia 85, na huo umepimwa. Kilichokosea ni tarehe. Anayesema "walidanganya" aoneshe ni namba ipi katika hizo sita ni ya uongo.

Kama muda unaruhusu, waambie kwamba ramani ya 1912 ilirudiwa kuchunguzwa baadaye na jibu likawa 11.4 badala ya 12.1. Wachore tena mstari wa kwanza. Utahamia 2020. Hapo wanajifunza kwamba kipimo cha zamani kina mashaka yake, na mashaka hayo yana ukubwa unaoweza kuhesabika. Na mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu za Afrika zilizo kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia, Kilimanjaro ikiwamo, zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Waulize wao sasa wangetaka kujua nini kabla ya kuuamini mwaka huo.

---

Fizikia_ya_Mezani

Nachukua hoja ya tatu, ambayo ni fizikia tupu, tena mwanafunzi aliyeiuliza yuko karibu sana na wataalamu.

Ni kweli wastani wa joto kileleni ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Mwaka 2004 Georg Kaser na wenzake, akiwamo Mtanzania Tharsis Hyera, walichapisha hoja kwamba sababu kuu ya barafu ya Kibo kurudi nyuma si hewa kupata joto bali ukavu: kuanzia mnamo 1880 hewa ya Afrika Mashariki ilikauka ghafla na theluji mpya ikapungua. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha asilimia 30 au 40, na nishati iliyobaki inaingia ndani ya barafu. Kwa hiyo jua linaila barafu hata hewa ikiwa ya baridi. Sehemu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na sehemu inayeyuka pale jua linapochoma ukuta.

Hesabu ya ubaoni: kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 kunahitaji kilojuli 334. Kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke moja kwa moja kunahitaji takriban kilojuli 2,830. Gawanya: mara 8.5. Kisha swali: hewa ya kileleni ikipanda joto kiasi kwamba barafu inayeyuka badala ya kugeuka mvuke, nishati ileile ya jua itaondoa barafu kiasi gani? Wakilijibu hilo wataelewa kwamba mtu anaweza kusema "ukavu ndio ulioanzisha" na bado akaogopa joto. Hoja hizo mbili hazipigani.

Jaribio. Huhitaji friji ya shule, unahitaji muuza barafu wa jirani. Mpelekee vikombe vinne vya plastiki vinavyofanana, kila kimoja na mililita 250 za maji yaliyopimwa kwa silinda, agandishe usiku. Visafirishe ndani ya ndoo iliyojaa pumba za mbao, ambazo zitavihifadhi saa moja au zaidi. Kata chupa nne za maji za lita 1.5 katikati, geuza sehemu ya juu iwe faneli ndani ya sehemu ya chini, bila kizibo. Barafu inakaa kwenye faneli na maji yanadondokea chini.

A: barafu iliyofunikwa kitambaa cheupe cha pamba, juani.
B: kitambaa cheusi cha aina ileile na unene uleule, juani.
C: barafu iliyofunikwa mchanga mkavu unene wa sentimita 3, juani.
D: kitambaa cheupe, kivulini.

Pima maji kila dakika 10 kwa dakika 40. Pima kwa silinda na umwage. Usikadirie kwa macho kwenye chupa.

Kwa nini kitambaa, si unga wa mkaa? Kwa sababu unga husombwa na maji yanayodondoka, na baada ya dakika 10 barafu "nyeusi" imeshakuwa nyeupe. Pia ukiuweka mwingi unakuwa blanketi na kuzuia joto, jibu linageuka. Kundi C lipo kwa ajili hiyo: waone kwamba uchafu mwembamba huharakisha na uchafu mnene huchelewesha. Wanafunzi wengi watatabiri C itayeyuka haraka kuliko zote. Waandike utabiri kabla ya kuanza, kwa wino.

Yanayoharibu jaribio:

Faneli kugusa saruji yenye moto. Weka kila chupa juu ya ubao mkavu.

Upepo. Hewa ya nyuzi 28 ikipita juu ya barafu inayeyusha kuliko jua, na A na B zitakaribia kufanana. Zizungushie boksi la kadibodi lililo wazi juu, na ufanye saa sita mchana siku isiyo na mawingu.

Vipande kutolewa ndooni kwa nyakati tofauti. Vinne vyote vitoke pamoja, vifutwe haraka kwa kitambaa, saa ianze.

Tofauti kati ya A na D ni mchango wa jua, na kile ambacho D imetoa ni mchango wa hewa. Hapo ndipo uwabane: "Kule juu, D ingetoa mililita ngapi?" Wakisema karibu sifuri, kwa kuwa hewa haifiki nyuzi sifuri, wameshaona jaribio letu linafanana na Kibo wapi na halifanani wapi. Mpe alama anayetaja mipaka ya jaribio sawa na anayepata majibu mazuri.

---

Haki_Sawa

Mawazo mazuri, ila naona mnazunguka. Kama kweli ni uhuru wa fikra, gawa darasa nusu kwa nusu: upande mmoja utetee kwamba binadamu anasababisha joto la dunia, mwingine upinge. Muda sawa, kura mwishoni. Mwalimu asiegemee popote. Mbona wameshaonesha hapo juu kwamba hata Kilimanjaro wataalamu hawakubaliani?

---

Mkufunzi_Bailojia

Ndugu Haki_Sawa, naelewa unalolilinda, lakini naomba Mwl_KidatoCha3 asifanye hivyo, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, wanaobishana kuhusu Kibo wanabishana kuhusu mlima mmoja: ukavu umechangia kiasi gani, joto kiasi gani. Hawabishani kama dunia inapata joto, wala kama chanzo kikuu ni binadamu. Mwanasayansi wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipiga hesabu ya hewaukaa na joto la dunia mwaka 1896. Kabla ya viwanda hewaukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni. Vipimo vya hewa vya Mauna Loa, mlima wa Hawaii, vilipoanza 1958 ilikuwa karibu 315. Sasa imepita 420. Wastani wa joto la dunia wa 2011–2020 ulikuwa juu kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko wa 1850–1900. Na kuna kipimo kinachotenganisha watuhumiwa: jua lingekuwa ndilo linalozidisha joto, tabaka za juu za angahewa nazo zingepata joto. Zinapoa, huku chini kunapanda. Hilo ndilo linalotarajiwa kutoka kwa hewaukaa, si kwa jua. Kupiga kura juu ya jambo kama hilo kunamfundisha mtoto kwamba ukweli ni wingi wa mikono.

Pili, mdahalo wa pande mbili unamfunga mwanafunzi kwenye upande aliopewa. Akibadili mawazo katikati ameshindwa. Sisi tunataka kubadili mawazo kwa sababu nzuri kuwe ni ushindi.

Fanya hivi. Kipindi cha kwanza, dakika 10 za mwanzo, kila mwanafunzi aandike kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina madai matatu uliyoyaandika ubaoni, na pembeni ya kila dai namba kutoka 0 hadi 10: ana uhakika kiasi gani kwamba ni kweli. Bila jina, kwa sababu wakiandika majina watakupa namba wanayodhani unaitaka. Wajiwekee alama ya siri waweze kuitambua karatasi yao baadaye. Kusanya.

Kisha chora meza ya safu tatu ubaoni. Safu ya kwanza: madai yanayopimika. "Barafu imepungua kwa asilimia 85 kati ya 1912 na 2011." Safu ya pili: madai ya chanzo. "Imepungua kwa sababu hewa imekauka." Safu ya tatu: madai ya lipi lifanyike. "Wakazi wazuiwe kuokota kuni msituni." Wape madai kumi na mawili yaliyochanganywa, kila kundi liyapange. Ubishi utakuwa mkali hasa kwenye yale yaliyobeba mawili kwa mpigo, kama "barafu inapotea kwa sababu ya Wazungu, kwa hiyo sisi tusiguswe". Wafundishe kulikata dai kama hilo vipande: lina dai la chanzo na dai la wajibu ndani yake, na kila kipande kina ushahidi wa aina yake.

Safu ya tatu ndipo mdahalo unapokaa. Kwenye Kilimanjaro mfano upo mlangoni: ukanda wa msitu wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya wanakijiji, ambao baadaye, 2005, uliingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa pamoja na msitu wa akiba. Nani apate kuni, majani ya ng'ombe na mamlaka? Hapo mgawanye darasa, tena kwa zamu: dakika 8 unatetea, dakika 8 zinazofuata unatetea ule uliokuwa unaupinga, dakika 5 kila kundi liandike hoja moja ya wapinzani ambayo limeshindwa kuijibu. Hapo mwalimu asiegemee, nakubaliana na Haki_Sawa kabisa.

Kwa safu ya pili, wape kazi ya tarehe. Kufikia 1953 Kibo ilikuwa imepoteza karibu asilimia 45 ya barafu ya 1912. Kufikia 1958 ni takriban robo tu ya ongezeko lote la hewaukaa ndiyo iliyokuwa imetokea. Waulize: je, takwimu hizo zinaendana na hewaukaa kuwa chanzo pekee? Mwanafunzi mwaminifu atasema haziendani. Mwalimu mwaminifu atamwambia yuko sahihi, halafu atamwongeza: Bahari ya Hindi ndiyo inayopeleka unyevu huku, halijoto yake hubadili mvua zetu, kama 1997 na 2019, na bahari hiyo inapata joto. Kwa hiyo ukavu nao hauko huru na joto la dunia. Mlolongo huo ndio wataalamu wanaoendelea kuufanyia kazi.

Ondoa Kilimanjaro kwenye nafasi ya shahidi mkuu. Ukiutegemeza mlima mmoja kubeba hoja ya dunia nzima, siku mlima ukionekana na sababu zake binafsi, mtoto anatupa vyote viwili.

Dakika 15 za mwisho za kipindi cha pili warudishie karatasi. Waandike namba mpya na sentensi moja ya kwa nini imebadilika au haikubadilika. Sahihisha sentensi, usisahihishe namba. Aliyetoka 3 akaenda 8 kwa sababu "mwalimu amesema" apate sifuri. Aliyebaki kwenye 4 kwa sababu "jaribio la A na D halikuwa na hewa ya chini ya sifuri" apate zote.

---

Mwl_KidatoCha3

Asanteni sana, nimenakili yote. Mambo mawili yamebaki. Mtihani: msahihishaji akiwa na "joto la dunia" peke yake kwenye mwongozo wake, mwanafunzi wangu aliyeandika "ukavu" ataanguka? Na hoja ya pili, ya wazee na miti, hakuna aliyeigusa. Siwezi kurudi darasani nikawaambia babu zao wanakosea bila kitu mkononi.

---

MamaTakwimu

La mtihani ni jepesi. Wazoeshe kuandika sababu zote kwa mpangilio, joto la dunia la kwanza: "Ongezeko la joto duniani, kupungua kwa theluji kutokana na ukavu, na mionzi ya jua kufyonzwa na barafu iliyokosa theluji mpya." Sentensi hiyo ni sahihi kisayansi na haimnyimi mtu alama.

---

Chemchemi_ya_Pangani

Mwalimu, kwenye hoja ya pili uwe mwangalifu sana, kwa sababu wazee wamesema mambo mawili kwa mpigo, na moja wana haki nalo.

"Misitu ikitoweka, barafu inatoweka." Hilo lilichunguzwa kwa kuiga hali ya hewa ya mlima kwenye kompyuta, matokeo yakachapishwa 2012: ukataji wa misitu una mchango mdogo kwa barafu ya kileleni. Barafu iko juu sana, na hewa inayoifikia haitawaliwi na msitu wa chini.

"Misitu ikitoweka, maji yanatoweka." Hapa wazee wako sawa, na vitabu vingi ndivyo vinavyopotosha vikichora mito inayotoka kwenye barafu. Maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mito inayoteremka kwenda Pangani. Mvua nyingi ya upande wa kusini hunyesha kwenye ukanda wa msitu, kwenye mita 2,000 na kitu, na msitu wa juu zaidi hunasa ukungu pia. Moto wa misitu ya juu unaukata ukanda huo. Kwa hiyo mzee aliyeona mfereji umekauka baada ya msitu kuungua ameona jambo la kweli; alichokosea ni kuliunganisha na kile cheupe kileleni.

Wasimulie na hili. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro. Wachagga walikuwa wanaijua siku zote. Mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa London, alikataa: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Miaka ya 1861 na 1862 msafara wa Karl Klaus von der Decken ukaithibitisha. Cooley alikuwa na nadharia, Rebmann na wenyeji walikuwa wameona kwa macho. Na leo wenyeji wameona jambo kwa macho, ila maelezo ya chanzo chake ndiyo yanayohitaji kupimwa. Yanapimwa hivi.

Chukua makopo ya maziwa ya unga yanayolingana, ondoa mfuniko na kitako, yabaki bomba. Chora mstari sentimita 5 kutoka chini. Chagua sehemu mbili: chini ya miti ambako majani yameoza ardhini, na uwanja wa mpira au njia iliyokanyagwa. Ondoa majani makavu ya juu bila kuchimbua udongo. Weka ubao juu ya kopo, gonga kwa nyundo sawasawa mpaka kopo lizame hadi kwenye mstari. Mimina mililita 250 za maji taratibu juu ya kipande cha kitambaa ili yasichimbe shimo. Ondoa kitambaa, anza saa, na uandike dakika mpaka maji yaishe juu ya udongo. Rudia mara tatu sehemu tatu tofauti za kila eneo, tumia wastani.

Chini ya miti maji huzama haraka. Uwanjani yanaweza kusimama mpaka kipindi kiishe. Hilo likitokea, pima kwa rula yameshuka milimita ngapi kwa dakika 20, na uigeuze ile ya mitini iwe milimita kwa dakika pia.

Makosa ya kawaida: kopo limepigwa upande mmoja, udongo umepasuka pembeni na maji yanavujia nje. Ukiona unyevu nje ya kopo, tupa kipimo hicho. Udongo uliolowa jana na mkavu haulinganishwi, kwa hiyo usipime sehemu moja kabla ya mvua na nyingine baada yake. Chini ya miti kopo likikaa juu ya shimo la mzizi au la mchwa, maji yatazama kwa sekunde. Ndiyo maana ya marudio matatu. Na sehemu zote mbili ziwe na udongo wa aina moja, kwa kuwa uwanja uliojazwa kifusi kutoka mbali hautakwambia lolote kuhusu miti.

Waulize jaribio hili limepima nini. Limepima maji yanavyozama. Halijapima kama miti inaleta mvua, wala halijatoa majibu kuhusu barafu. Atakayesema "miti huleta mvua, tumeona" mrudishe kwenye saa na kopo, mwulize mvua ilikuwa wapi katika kipimo hicho. Kama shule itaweza, wekeni chombo cha kupimia mvua kila eneo, moja msituni penye uwazi na moja shuleni, msome saa tatu asubuhi kila siku kwa muhula mzima. Chini ya matawi usikiweke, kwa sababu majani hunasa mvua na utapata pungufu.